Ngumi Zilizoshika Hewa

Jumanne nilikuwa kwenye foleni ya duka la fotokopi, mtaa wa Naif, huku ughaibuni. Mbele yangu dada Mkenya, mfanyakazi wa ndani, alikuwa ametumwa na madam wake Mhispania kutoa nakala za kitabu cha katuni cha zamani, urithi wa babake madam. Ukurasa wa kwanza ulitoka na wapiganaji wawili wamekunja ngumi kama walioshika mpini, wanarushiana mapigo, lakini hakuna aliyeshika upanga.

"Mashine yako imekula panga," nikamwambia mwenye duka, Mzanzibari wa makamo. Mimi sipendi kuzungushwa. "Sema tu ni mbovu."

Alifuta kioo, akarudia, panga hazikutokea. Akakiinua kitabu chenyewe. Humo pia hazikuwemo.

"Woi. Madam atasema nimezifuta mimi," dada akasema. "Atanirudisha Kenya."

"Mpigie, mwanangu. Bora akusikie wewe mwenyewe," akasema mwenye duka.

Dada alipiga, akaweka spika. Madam akacheka. "Baba alikinunua hivyohivyo. Enzi za udikteta kwetu, wakaguzi wa serikali waliwaamuru wachoraji wafute silaha kwenye vitabu vya watoto. Toa tu nakala."

Dada akashusha pumzi. Mimi nilikuwa bado natazama zile ngumi. Wakaguzi waliondoa panga, wakasahau kuzifungua ngumi, na hadi leo kila anayeziona anauliza zilishika nini.

Zamu yangu ilipofika, mwenye duka alikifuta tena kioo, taratibu, akinitazama.

"Na wewe bwana, kuna cha kufutwa?"

"Kipo," nikasema. "Yale niliyosema kuhusu mashine."