Siku Nne Ambazo Hakuna Aliyeniomba

Mwanangu, iko Jumapili moja ambayo nimejaribu kuisahau, na nimejaribu zaidi ya mara mbili. Haitoki. Basi nakuandikia wewe unayesaga sakafu kwa mashine na jenereta, unayemaliza saluni nzima, sebule ya wageni, kabla chai haijapoa, ili ujue ni kitu gani kinaweza kuharibika hata kama mashine iko nzima.

Wakati wetu tulisaga kwa magoti. Fundi wangu alikuwa Mzee Ramazani, mtu wa Swima, mfupi, mwenye viganja vigumu kama nyayo. Alikuwa na mawe matatu tu ya kusagia. La kwanza lilikwaruza, la pili lililainisha, la tatu lilibembeleza. Ulimwaga maji, ukapiga magoti, ukazungusha jiwe mpaka simenti ikatoa uji wa kijivu, ukafuta, ukaanza tena pembeni. Mwishoni ulipaka nta na kusugua kwa kipande cha blanketi. Mtu akiingia anainua nguo kidogo, anafikiri amekanyaga maji. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yetu kwa mji wote wa Baraka, na hatukuwa na nyingine.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kazi yangu ya kweli ilikuwa mdomo. Mzee alisaga, mimi nilipatana. Nilijua kupatana na mwenye mchanga, na mwenye gari, hata na mwanamke anayeuza samaki wa mwisho jioni. Nilihesabu kila kitu mara mbili, maana mara ya kwanza unahesabu vitu, na mara ya pili unamhesabu yule aliyekuletea vitu.

Vita vilipofika kwetu, tajiri mmoja aliyekuwa na nyumba kubwa kando ya barabara alivuka ziwa na watu wake wote. Komanda wa wale waliokuwa wameshika mji akaingia nyumba ile. Sitaji ni wa upande gani. Tulipata wa kila upande, na wote walitaka kuku. Huyu alitaka pia sakafu. Saluni ilikuwa imepigwa na risasi na kuchimbika, naye alikuwa anangoja wakubwa wake kutoka mbali. Akatuma askari wawili kumwita Mzee Ramazani, na mtu hasemi hapana kwa wito wa namna ile. Tukavunja tabaka la juu lililoharibika, na Jumamosi Mzee akamwaga jipya, akalifunika kwa magunia yaliyolowa.

Hapo nikupe sheria moja ya kazi, kwa sababu kisa chote kimekaa juu yake. Simenti mpya inataka kunywa maji siku saba kabla jiwe halijaigusa. Ukiisaga mapema, mchanga unang'oka punje kwa punje, na sakafu inabaki na vishimo kama uso wa mgonjwa wa ndui. Na simenti ya vita ilikuwa mbaya kuliko hivyo. Ilikuwa imelala kwenye depo mpaka nusu yake ikageuka mawe ndani ya mfuko. Siku saba za maji, siku tatu za kusaga. Kumi. Mzee hakuwahi kusema hesabu nyingine.

Sasa, mimi nilikuwa na hesabu yangu. Dada yangu Furaha alikuwa na mimba ya miezi minane na zaidi. Mume wake alikuwa ametangulia Kigoma. Huku kwetu dispensari ilikuwa imebomolewa milango, na muuguzi wa mwisho alikuwa amekimbilia milimani. Ilibidi Furaha avuke, na mama avuke naye, maana kuzaa mara ya kwanza bila mama yako ni kitu ambacho wanawake wa kwetu hawakitamani hata kwa adui. Lakini pwani ilikuwa ya Komanda. Hakuna aliyepanda boti bila karatasi yenye sahihi yake. Na boti lilikuwa linaondoka Ijumaa, na lingine hakuna aliyejua.

Jumapili ile Mzee alishuka ziwani kutafuta mchanga mwembamba. Nilikuwa peke yangu nikilowesha magunia. Komanda akatoka na kikombe chake, akasimama mlangoni, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mvua, pavema, yaani sakafu, itaisha siku ngapi.

Mwanangu, angalia vizuri hapo. Aliuliza tu. Na mimi nikahesabu kwa vidole nyuma ya mgongo: leo Jumapili, boti Ijumaa, karatasi lazima zipatikane Alhamisi. Nikasema siku nne. Na kabla hajajibu nikaongeza, kama mtu mwenye akili, kwamba ikiisha kwa siku nne atupe karatasi mbili, ya mama na ya dada. Akanitazama, akanywa chai yake, akasema ni sawa.

Nilijiona mfalme. Mzee aliporudi na karai lake la mchanga nikamwambia Komanda ametoa siku nne, hataki hata moja zaidi.

Huo ndio uongo wenyewe. Ulikuwa mdogo, ungeweza kuuficha ndani ya kiganja.

Mzee aliweka karai chini. Alisugua mchanga kati ya vidole. Halafu akasema kwamba mtu mwenye bunduki akitoa siku nne, basi ziko nne, tutajaribu. Akaongeza magunia, akaongeza maji. Kila asubuhi alipiga goti kwenye kona, akachora mstari mfupi kwa msumari. Punje ya mchanga ikiruka, bado. Jumatatu iliruka. Jumanne iliruka. Jumatano adhuhuri iliruka tena, naye akafunika ile kona, akaniambia nisiguse kitu, akaenda kuswali.

Nikabaki na jiwe la kwanza na ile sakafu. Furaha alikuwa ameamka asubuhi miguu imevimba. Nikajiambia labda katikati imekauka kuliko pembeni. Nikafunua gunia, nikamwaga maji, nikaanza kuzungusha.

Mara chache za kwanza ilionekana inakubali. Kisha nikasikia sauti chini ya jiwe, kama mtu anayetafuna mchele wenye changarawe. Nikasukuma nguvu zaidi, ndivyo vijana wanavyofanya kitu kikikataa. Nilipofuta ule uji nikaona vishimo. Nikavihesabu: arobaini na kimoja. Nikahesabu tena kwa matumaini, nikapata arobaini na vitatu, maana magoti yangu yalikuwa yameng'oa viwili zaidi.

Mzee alinikuta hapo. Hakupandisha sauti. Aliweka kiganja juu ya ile sehemu, akakipitisha polepole kama anayepima homa ya mtoto. Na kabla hajasema neno, viatu vya Komanda vikasikika barazani.

Aliingia na askari mmoja. Akatazama sakafu. Akanitazama mimi niliyejaa uji mpaka viwiko. Mzee akasimama mbele yangu na kuanza kumwomba kwa heshima zote.

"Komanda, utanisamehe. Siku ine zile umetoa, simenti haiziweze. Ongeza siku kumi, ntakutengenezea pavema utajiona ndani."

Komanda akakunja uso. "Siku ine? Mi sikutoa siku ine, Papa. Wageni yangu banakuja nyuma ya juma mbili. Mi niliuliza tu. Ni huyu mutoto yako njo alisema siku ine, ili nimupatie karatasi mbili, ya mama yake na ya dada yake."

Askari wa mlangoni alicheka kidogo, halafu akaona bosi wake hacheki, akaacha. Mimi niliyepatana na mji mzima nilikuwa nimeshusha bei mwenyewe, peke yangu, hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa ameniomba nishushe.

Komanda akatembea mpaka kwenye vishimo, akavikanyaga. Akasema pole pole kwamba watu wawili wamemfanya mjinga ndani ya nyumba yake, na anataka kujua ni yupi aanze naye. Mkono wake ulikuwa kwenye mkanda. Nilitaka kusema ni mimi. Ulimi ule uliokuwa unazunguka soko lote haukutikisika.

Mzee Ramazani ndiye aliyesema. Alisema kosa ni la fundi, maana mwanafunzi ni mkono wa fundi. Kisha, mwanangu, akaanza kupatana, yeye ambaye hakupatana hata bei ya chumvi. Akamwambia Komanda awape wale wanawake karatasi leo, sisi wawili tubaki hapa ndani, tulale hapa, mpaka sakafu iishe. Akasema, "Mi niko muzee, sikimbie. Ukinishika mie, umeshika pavema yako. Ukishika mwanamuke wa mimba, umeshika nini?"

Komanda akafikiri. Alikuwa mtu wa hesabu na yeye, nilimwona akipima. Mwisho akavuta kiti, akatoa kalamu mfukoni.

"Mungeniambia hivi siku ya Mungu, ningeandika mbili," akasema, akimaanisha ile Jumapili. "Leo naandika moja. Ile ingine imekufa juu ya bongo." Bongo, yaani ule uongo wangu.

Akaandika jina la Furaha.

Ijumaa asubuhi askari walinisindikiza pwani nimuage, kisha nirudishwe kwenye sakafu. Mama alikuwa amefunga mzigo wa watu wawili. Akamwomba mlinzi wa boti, akamshika mkono, akamwita mwanangu. Mlinzi akasema karatasi moja, mtu mmoja. Mama akafungua mzigo palepale kwenye mchanga na kutoa vitu vyake, akampa Furaha vitenge vyote na wembe mpya uliofungwa kwa karatasi. Hakulia. Alimwelekeza mambo harakaharaka, kwa Kibembe, mambo ambayo mwanaume hatakiwi kusikia, na Furaha alikuwa anaitikia tu kama mtoto wa shule. Boti lilikuwa na watu thelathini na mmoja. Nafasi ya mama ilikuwapo, karibu na gunia la dagaa. Niliihesabu mara mbili.

Tukarudi kazini. Tulikata ile sehemu iliyoharibika, tukamwaga upya, tukaifunika. Jumamosi, tukiwa tumepiga magoti tunalowesha magunia, na milio ya bunduki ikisikika upande wa Lubondja, ndipo aliposema, na alisema mara moja tu.

"We unajua kupatana. Lakini siku saba zile hazikuwa zako. Zilikuwa za simenti. Umeuzisha kitu ya mwingine. Na bongo yako ilinifunga kinywa: ningejua ule muntu hakutoa siku, ningeenda kumuona Jumapili ileile, angali anakunywa chai na roho nzuri."

Nikajibu kwamba niliogopa kwa ajili ya dada.

"Najua," akasema. "Njo maana sikukufukuza. Mwaga maji."

Siku zile zilikuwa ndefu. Watu waliokuja kutoka Mboko walisema barabara imefungwa. Mama alikuja kila asubuhi mpaka kwenye ua, akauliza kwa macho, nami nikamwonyesha kwa vidole siku zilizobaki: sita, tano, nne. Ile nne ilinichoma kuliko zote. Siku ya saba Mzee akachora kwa msumari, na punje ikakaa. Tukasaga siku tatu kwa mawe yote matatu. Tulipomaliza, Komanda alifika mlangoni, akasimama, na bila kuambiwa na mtu akavua viatu. Soksi yake ya kushoto ilikuwa na tundu. Akatembea mpaka katikati, akajiangalia chini, akarudi, akaandika karatasi ya mama. Boti la uvuvi likamchukua kesho yake.

Mama alimkuta Furaha Kigoma na mtoto wa siku nne. Alikuwa amezaa nyuma ya turubai, akishikwa na mwanamke ambaye hawakujuana hata lugha. Damu ilitoka nyingi. Mtoto alipona, na yeye alipona, lakini tumbo lake halikushika mwingine tena. Mama alimwambia alichelewa kwa sababu ziwa lilichafuka. Nami nikauacha ule upepo wa uongo upige, miaka na miaka.

Mwaka jana nilikwenda kwa Furaha nikamwambia yote: Jumapili, chai, vidole nyuma ya mgongo. Alisikiliza akichambua maharage. Akaniuliza hivi zile siku nne nani alizitaka. Nikamwambia mimi. Akatoa punje moja mbovu, akaitupa, akasema, "Ungemwambia tu Mzee." Mimi sikuomba kingine.

Basi mwanangu, nasaha zangu ni hizi, na sizipunguzi hata ukinibembeleza. Mtu akikuuliza siku ngapi, muulize kwanza yeye anazihitaji lini, kabla woga wako haujajibu kwa niaba yako. Siku ambazo kazi inazitaka, zitaje zote, hata mbele ya mwenye bunduki. Sema kumi, kisha omba unachohitaji ukiwa bado mtu wa kuaminika. Na ikitokea umemdanganya mkubwa wako, mwambie leo, simenti ikiwa bado mbichi, maana yeye anaweza kuwa na mlango ambao wewe huuoni. Ukingoja ikauke, itabidi kukata, na vipande vitamwangukia mtu ambaye hakuwemo chumbani.

Mungu akupe magoti yasiyochoka na ulimi usiokimbilia mbele yako. Akufikishe mahali ambapo watu wako wote wanapanda boti moja, na kila mmoja ana karatasi yake. Nenda kwa amani, mwanangu, ufanye kazi.