Ruhusa ya Kusimama

Wiki jana nilikaa kwa benchi nje ya ofisi ya mwalimu, shuleni kwa binti yangu hapa Kitengela, nikipanga maneno kama ninavyoyapanga sokoni kabla ya kutaja bei ya mbuzi. Daktari alikuwa amesema msichana ana ADHD, yaani kutulia na kumakinika kunamshinda, na kwa umri wake tuanze bila dawa: kazi fupi fupi, kutembea sana, na mwalimu akikubali, asome akiwa amesimama. Akikubali. Ombi hilo, rafiki yangu, nalijua. Liliwahi kupelekwa shuleni kwa ajili yangu, likarudi nyumbani likichechemea.

Utotoni nilidhani jina langu ni Tulia. Mama aliniita hivyo, jirani akaniita hivyo, na kanisani waliniombea nitulie mpaka mafuta ya kupaka yakaisha kwenye chupa, kisha nikatoka mbio kumfuata muuza aiskrimu. Mwalimu wa darasa la tano hakuwa na mafuta. Alikuwa na kiboko. Siku moja alifunga mikono ya sweta yangu kwenye kiti, darasa likacheka, nami nikacheka pia, kwani ukichekwa na wengi ni heri ujiunge nao.

Likizo ilipofika, mama alinipeleka kwa nyanya, upande wa Kajiado, ili apumue. Nyanya tulimwita Koko, kama Wamaasai wote wanavyoita nyanya zao. Usidhani alikuwa mpole. Nilipowaacha ndama wakanyonya maziwa yote ya jioni, alinichapa vizuri tu. Lakini siku moja aliniwekea kibuyu mapajani nisukasuke maziwa mpaka siagi ijitenge, na katikati ya kazi nikaanza kutaja jedwali la hesabu bila kuambiwa. Maziwa yakigonga ndani, chwa, chwa, kibuyu kikinukia moshi wa kijinga cha moto kilichotumika kukisafisha, na saba mara nane ikitoka mdomoni kana kwamba ilikuwa imekaa mlangoni ikingoja kufunguliwa.

“Mkono ikiwa na kazi, kichwa inakaa,” Koko akasema kwa Kiswahili chake.

Kuanzia hapo kitabu kilisimamishwa juu ya kigoda, kibuyu kikawa mikononi, nami, nikiketi na kuinuka nipendavyo, nikasoma ukurasa mzima, halafu mwingine. Kabla ya hapo sikuwahi kusoma ukurasa mzima.

Shule zilipofunguliwa, Koko alivaa shuka yake nzuri akaja nami Kitengela. Shule ilikuwa imeshasema kwamba nikivuruga tena muhula huo, nisirudi. Hakuomba mengi: nisimame nyuma ya darasa, nipewe kitu cha kushika. Mwalimu alimsikiliza huku akisahihisha vitabu, akamuuliza kama ng'ombe naye ataletwa.

“Shosho, hapa ni shule, si boma. Akitaka kusukasuka maziwa, abaki huko.”

“Sasa kusimama ni pesa ngapi, mwalimu?”

Mwalimu akavuta kitabu kingine akaendelea kusahihisha. Tulitoka, akaninunulia mandazi, akanitazama nikila. Muhula huo sikuumaliza. Nikaingia soko la mbuzi, mahali ambapo hakuna mtu anayekuambia ukae chini. Sisemi nimekosa riziki. Najua tu nilitaka nini. Koko alikufa akiamini kwamba Kiswahili chake ndicho kilichoniangusha. Nilimwambia sivyo, tena nikarudia, lakini hakuniamini.

Boma lake sasa ni ploti zenye kuta na matangi ya maji. Vibuyu vinauzwa kando ya barabara kama mapambo, vikiwa havijawahi kuonja maziwa. Maziwa yenyewe yanakuja kwa pakiti, hayahitaji mkono wa mtoto. Jioni binti yangu anazunguka meza, kutoka ukuta hadi ukuta, akinisomea.

Mwalimu wake, msichana mdogo tu, aliniita ndani. Nilikuwa nimejipanga: niombe vipindi vyote, akikataa nishuke hadi nusu, akikaza niombe hata hesabu peke yake. Sikufika mbali.

“Ni sawa, mama. Asimame tu huko nyuma,” akasema, akarudia simu yake.

Nilishukuru nikatoka, na getini hasira ikanishika mpaka nikashindwa kumjibu askari aliponisalimia. Sokoni, ukitaja bei na muuzaji akakubali kabla hujamaliza, unajua kitu hicho kilikuwa rahisi siku zote, hata siku ile Koko alipouliza bei yake.