Kidole Changu Kilitoa Pesa Mimi Nikiwa Nyumbani

Sasa hivi binti yangu amechovya kidole gumba ndani ya wino, akakibandika kwa karatasi hii, kisha akanitazama na kucheka. Nimemfinya mkono, halafu nikalia kuliko yeye. Mhariri, alama yake iache, lakini jina langu ulifiche, maana gazeti hili linasomwa mpaka huku kwetu.

Nina miaka ishirini na moja, nilifika darasa la tatu. Naishi karibu na Myanga na mama mkwe. Mume wangu ni mpishi kwa shamba la mzungu huko Kitale. Kila mwezi anatuma pesa kwa ofisi ya akiba Bungoma, kwa kitabu chenye jina langu. Mimi najua kutia sahihi, lakini siku ya kufungua kitabu karani alisema wanawake ni kidole tu. Pesa hizo ni za ng'ombe wawili wa mahari waliobaki. Baba yangu amechoka kungoja. Amesema wasipofika mavuno haya yakiisha, atakuja kunirudisha nyumbani, na mtoto atabaki, maana ni wa ukoo wa baba yake.

Mwaka jana wakati wa kupanda, mtoto alikuwa na wiki mbili na kifua kilimbana. Nilitaka shilingi kumi za dawa, na Bungoma singeweza kufika kwa miguu. Huku kwetu mwenye mtoto mchanga anapiga kidole nyumbani, na mwenye baisikeli anapeleka fomu. Kaka mkubwa wa mume wangu akaileta, nikapiga. Akaitazama, akasema, "Shemeji, hii imetapakaa. Piga tena kwa hii ingine." Ile ya pili haikuwa imeandikwa kitu. Nikapiga. Jioni aliniletea dawa, nikamwombea baraka.

Mwezi uliopita nilienda mwenyewe, mtoto mgongoni, kuuliza kama pesa za ng'ombe zimetosha. Karani akasema nilizichukua zote tangu Januari ya mwaka huu. Akanionyesha fomu, na kidole ni changu kweli. Nikamwambia atazame vizuri. Wakati wa palizi mwaka jana panga lilinikata gumba, kovu limepita katikati. Nikaweka kidole kando ya ile alama, na pale kwa karatasi kovu halipo. Akaisogeza fomu karibu na macho, nikafikiri Mungu amenisikia.

"Basi ulipiga kabla ya kukatwa," akasema. "Lakini si ni wewe ulipiga? Mama, sisi hatulipi mara mbili. Mlete aliyebeba fomu, mkubwa awasikize. Bila yeye, hasara ni yako."

Huyo wa kuletwa, mwezi wa pili aliezeka nyumba ya mama yake kwa mabati mapya. Mtoto wangu analala chini ya hayo mabati, na tangu hapo hajakohoa. Nilipomuuliza polepole, alicheka, akasema ati kidole kina mwenyewe. Mama mkwe alisikia. Aliniambia mwanawe si mwizi, na nikimpeleka mbele ya karani nisirudi kwa boma lake.

Kwa hivyo nikisema, nafukuzwa na mtoto anabaki. Nikinyamaza, baba ananichukua na mtoto anabaki. Mume wangu ananipenda, hilo nalijua, lakini huyo kaka ndiye alimlipia shule. Bado nina tumaini, kwa sababu kovu haliwezi kudanganya.

Ninyi mnaojua mambo ya ofisi, niambieni: pesa ikitoka kwa kidole changu na mimi sipo, ni nani wa kuilipa? Na ninyi kina mama, mngeanzia kwa mume ama kwa karani? Nijibuni mapema, maana ruhusa ya mume wangu ya kuja nyumbani ni wiki hii, na mimi nimefikiria kwamba akishakula, kabla kaka yake hajaingia, nitamwonyesha hiki kidole na kumwambia

Mama mkwe ananiita. Anasema nitoke na mtoto, baba yake ameonekana barabarani, na kaka yake ndiye anasukuma baisikeli yenye sanduku lake la safari