Kiboksi cha Kaka Ukutani kwa Mama

Kaka yangu ni mhandisi, na maisha yake yote ya kazi ameyamalizia kwenye kiboksi kimoja cha ukutani: eti kinahisi mzee akianguka, kisha kinawapigia simu watoto wake. Amepewa tuzo, amepigwa picha na wakubwa, akavimba kichwa. Alipokifunga chumbani kwa mama, akaacha kabisa kuja. "Kikitokea kitu, simu italia," aliniambia mimi ninayemwogesha mama.

Juzi mama aliishiwa nguvu, akateleza taratibu ukutani mpaka sakafuni. Nilimkuta hapo niliporudi kutoka sokoni. Kiboksi kimya, taa yake ya kijani inawaka tu. Kumbe maabarani kaka na wenzake walikijaribu kwa wanafunzi waliojitupa kwenye godoro kwa kishindo! Mzee gani anaanguka hivyo?

Nilimpigia kaka, akaja mbio na kompyuta yake. Hata pole hakutoa. "Mama, unaweza kuanguka tena vilevile, nirekodi?"

Nilitaka kumtimua. Mama akanishika mkono, akaegemea ukuta, akaanza kuteremka.

"Rekodi, mwanangu," alisema. "Hata kesho nitaanguka, mradi uje."