Mtani wa Domina

Zamani mtu akifa hapa kijijini kwetu Ulaya, aliyetangulia kufika msibani alikuwa mtani wake, matusi yamemjaa mdomoni. Siku hizi anayetangulia ni kijana wa spika.

Mke wangu Domina alilijua hilo, na ndilo jambo pekee lililomsumbua alipokuwa anaumwa. Kifo chenyewe hakikumsumbua. Alikuwa amelala barazani, miguu imevimba, akaniita.

"Baba Agatha."

"Naam."

"Nikifa, mwite Tumwagile. Usiwaache hawa watoto wanizike kama mgeni."

"Hufi leo."

"Sijasema leo. Nimesema mwite."

Nikamwahidi.

Inafaa niseme Domina alikuwa nani, maana siku ya mazishi mshereheshaji alisoma habari zake kwa muda mfupi kuliko ule alioutumia kujaribu vipaza sauti vyake. Alisema marehemu alikuwa mkulima na mama wa nyumbani. Basi, akaweka muziki.

Domina alikuwa Mngoni aliyezaliwa kwenye kambi ya mkonge, upande wa Kimamba. Baba yake alitoka Songea kwa mkataba wa kukata mkonge. Mkataba ukaisha, yeye akabaki. Kambini waliishi watu wa kila kabila, na kilichowafanya wakae bila kuumizana, Domina alikuwa akisema, ni utani. Mngoni alikuwa na Mhehe wake. Mababu zao walipigana vita vikali, kisha wajukuu wakaona matusi yanatosha. Mtani akikuta umepika, anajipakulia. Akikutukana hukasiriki, ukikasirika umeshindwa. Na ukifa, ndugu zako wakiwa wamelegea kwa kilio, mtani ndiye anayesimama kaburini na kuyataja maovu yako yote, mpaka waliokuwa wanalia wacheke. Shule yangu iliishia darasa la nne, mengine nimeyasoma kwenye magazeti ya kufungia nyama, lakini sijasoma popote dawa ya msiba inayoishinda hiyo.

Domina nilimwona mara ya kwanza kwenye gulio, akiuza mchele. Mimi nilikuwa kijana wa Kidete, mtoto wa kibarua wa reli, najiona mjanja. Nikamwambia mchele wake una mawe.

"Mawe ni ya bure," akanijibu. "Unalipia mchele."

Nikaununua, na mwaka ule ule nikapeleka posa. Tulilima mpunga na mahindi hapa Ulaya. Tulizaa, tukazika mmoja, waliobaki wakakua. Agatha, binti yetu wa kwanza, alipopata kazi kwenye nyumba ya wageni kule Mikumi, alimwacha mwanawe Lightness mgongoni kwa bibi yake, na mtoto akashuka mgongoni pale siku ya kuanza shule. Domina hakuwa mpole. Alionja mchuzi wa kila mtu na kuulalamikia chumvi. Na hakuweza kuondoka nyumbani moja kwa moja. Alibeba jembe, akatembea mpaka kwenye kona ya jiko, hapo akasimama, akageuka nusu, mkono kiunoni, na kuniita kwa jambo alilosahau. Mara nyingi lilikuwa kuku walioingia kwenye mpunga ulioanikwa.

"Baba Agatha, kuku hao!"

"Nimesikia."

"Umesikia, hujafanya."

Tumwagile alikuwa Mhehe wake. Walikaa jirani hapa miaka mingi kabla Tumwagile hajahamia Kidodi kwa mwanawe anayelima miwa. Mume wa Tumwagile alipofariki, mjane alikaa siku mbili hasemi, hali. Siku ya kuzika, Domina alishuka kaburini na kandambili zake, akajilaza chali, akakataa kutoka.

"Mpaka nirudishiwe mbwa wangu! Huyu mzee kala mbwa wangu watatu!"

Tumwagile alicheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. "Toka humo, mtumwa wetu wewe! Hata kaburi unataka la kuazima!" Jioni hiyo akala ugali. Niliona kwa macho yangu.

Kwa hiyo Domina aliponiagiza, nilijua alichokuwa anakitaka. Hakuwa anajitakia yeye. Alikuwa anatutakia sisi.

Alifariki Alhamisi alfajiri. Mchana Agatha alifika kutoka Mikumi na kila kitu amekwisha kukipanga.

"Tunazika kesho saa saba, baba. Maturubai yapo njiani, mshereheshaji nimeshampata."

"Tumwagile hajaja."

"Simu yake haipatikani."

"Basi tumsubiri."

"Baba, wanakuja wenzangu wa kazini, na bosi wangu. Yule bibi aingie kaburini mbele yao? Watatuonaje?"

"Watamwona mtani wa mama yako."

"Siku hizi watu hawaelewi. Juzi tu kule mjini mtani kapigwa msibani, wamedhani kalewa."

Sikubishana tena. Nilipanda bodaboda mpaka Mikumi, nikapata basi la Kidodi. Mlango wa Tumwagile ulikuwa na kufuli. Jirani yake, mama mmoja aitwaye Ziada, aliniambia amepelekwa Ifakara kutibiwa mguu, kurudi kwake hakujulikani. Nikamwachia ujumbe, nikarudi nyuma ya malori ya miwa, macho yamejaa vumbi, mikono mitupu.

Tukamzika Ijumaa. Watu walivaa fulana zenye picha yake, picha iliyopigwa siku aliyokuwa na homa. Muziki ulikuwa mkubwa hata maneno ya padri yakapotea. Hakuna aliyecheka. Agatha alilia mpaka sauti ikakauka, kisha akajilaza kwenye mkeka chumbani kwa mama yake. Jumamosi hakula. Nikakaa barazani na ahadi yangu.

Jumapili jioni, maturubai yakiwa yamekwisha ondoka, bodaboda ilisimama uani. Akashuka Tumwagile, fimbo mkononi, mguu umefungwa bandeji.

"Shikamoo bibi," Lightness akamwamkia.

"Marahaba. Mngoni wangu mmemficha wapi?"

"Tumeshamzika, bibi."

Nilidhani atalia. Badala yake akapiga fimbo chini.

"Mmemzika! Kwa ruhusa ya nani? Huyu mwanamke alilala kwenye kaburi la mume wangu, leo mimi mnaninyima zamu yangu? Leteni kanga yake! Leteni na jembe lake!"

Agatha alitoka ndani akijishika ukutani. "Bibi, tafadhali..."

"Kaa chini. Mtoto wa mtumwa hapangi mambo ya wakubwa."

Agatha akakaa.

Tumwagile alijifunga ile kanga, fundo upande wa kushoto kama Domina alivyolifunga mwenyewe. Akaiegemeza fimbo ukutani, akaiacha hapo. Akaenda jikoni, akafunua chungu cha wapishi, akaonja, akakunja uso.

"Nani kapika? Chumvi mmemwekea ng'ombe?"

Lightness aliziba mdomo. Tumwagile akamgeukia katekista wetu aliyekuja kutupa pole. "Na wewe, unasema mchele wangu una mawe? Mawe ni ya bure!" Sauti haikuwa ya Tumwagile. Agatha akaanza kucheka, akacheka huku machozi yanamtoka, akamshika mwanawe, wakacheka wote wawili wameinama. Kisha, kwa sauti iliyokuwa imekauka tangu Ijumaa, akaomba chakula.

Hapo Tumwagile akaweka jembe begani, akaondoka. Hakuchechemea. Nilimtazama mgongo, ile kanga, ule mwendo wa haraka haraka, mpaka kwenye kona ya jiko. Akasimama. Akageuka nusu, mkono kiunoni.

"Baba Agatha, kuku hao!"

Kweli, kuku walikuwa kwenye mpunga.

"Nimesikia," nikasema.

"Umesikia, hujafanya."

Nikainuka kuwafukuza. Niliporudi, Tumwagile alikuwa ameketi barazani na fimbo yake, anajipakulia ugali na kuutukana. Lakini yule aliyepita kwenye kona ya jiko na jembe begani alikuwa Domina, naye sijamwona tena.