Ua la Saa Moja Asubuhi

Kazi ya shangazi yangu ni kubandika majani makavu. Miaka ishirini na miwili sasa, chumba cha nyuma cha idara ya mimea: karatasi ngumu, gundi, uzi, lebo kona ya chini kulia. Wakubwa wanamwita Mama Gundi. Jina hilo linanikera mimi. Yeye hucheka tu. "Mwanangu, gundi ndiyo inayotulisha."

Jumatatu moja Profesa, mkuu wake, alimpa mimea miwili ya porini aibandike. Lebo ya kwanza, ya mwanafunzi wake, ilisema maua ya buluu; ya pili, yake mwenyewe, maua ya waridi. Huo wa waridi, Profesa alitamba, ni mmea mpya kabisa, na kitabu chake kitauonyesha. Kinakwenda kuchapwa Ijumaa.

Shangazi akazitazama karatasi zile mpaka chai ikapoa. Majani yaleyale ya umbo la moyo. Shina lilelile la kujisokota, lenye vinyweleo. Vijani vitano vyenye ncha ndefu, vimelikumbatia ua kwa chini. Ndipo akasoma saa za kuchuma, ambazo hakuna azisomaye ila mbandikaji: buluu saa moja asubuhi, waridi saa nane mchana.

Kumbe! Mmea huo umefunika seng'enge yetu ya nyuma, ndugu wa kiazi kitamu asiye na kiazi. Alfajiri ua hufunguka kama faneli, buluu tupu na koo jeupe. Jua likipanda linageuka waridi, jioni limejikunja, limekwisha. Kesho yake linafunguka jingine.

"Si umwambie!" nikasema.

"Nimwambie mimi, wa darasa la saba? Mkataba wangu unaisha mwezi huu, na anayesaini ni yeye."

"Mficha uchi hazai, Shangazi! Utabandika uongo kwa mkono wako mwenyewe?"

Nilifoka, nikajuta papo hapo. Akaenda kulala.

Alhamisi aliamka mapema, akakata kwenye seng'enge tawi lenye maua manne, akalitia kwenye kopo la maji. Saa moja unusu lilikuwa mezani kwa Profesa.

"Weee, Mama Gundi, maua? Watu watasema!"

"Waache waseme. Naomba likae hapo mpaka saa nane. Wewe litazame tu."

Saa nane Profesa aliingia chumba cha nyuma na kopo mkononi. Maua yote manne yalikuwa ya waridi.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu Jumatatu. Niliogopa."

Profesa akavuta kiti, akakaa. Kisha akacheka mpaka akavua miwani. "Nimepanda milima kuufuata mmea huu, na kila mara nafika nimeshashiba cha mchana!"

Ijumaa kitabu hakikwenda popote, mkataba ukasainiwa. Tawi lile likakaushwa, na lilipokuwa tayari Profesa akachukua lebo mpya. Alipofika penye "mkusanyaji" akasita.

"Samahani, mama. Jina lako nani hasa?"

Miaka ishirini na miwili anasaini mikataba bila kuisoma, hakuwahi kuuliza! Shangazi akayataja majina yake matatu, polepole, naye akayaandika yote.

Lebo hiyo Shangazi aliibandika mwenyewe. Nimeiona: katika maelfu aliyobandika, ndiyo pekee iliyopinda. Profesa alitaka ibandikwe upya, Shangazi akakataa.

"Iache," alimwambia. "Mkono ulikuwa unatetemeka kwa furaha."