Kisima Kilichojaa Wakati wa Kiangazi

Miaka michache baada ya bendera yetu kupandishwa, ofisi ya maji ya wilaya ilituletea jambo jipya: kupima visima. Kila nyumba ya kijiji chetu, kati ya Msambweni na Ramisi, ilitoa ushuru wa kuwalipa wapimaji, na kisima kitakachoonekana kina maji machache kuliko vingine kingepewa pampu ya mkono. Mimi nilikuwa bibi harusi wa juzi tu, na pampu hiyo niliitaka kuliko dhahabu. Kila kiangazi kisima chetu kilibaki matope matupu, na ndoo ya kutoka mtoni ilikaa juu ya kichwa changu, si cha bwana wa ofisini.

Mwenye amri kisimani alikuwa mavyaa wangu, mama mzazi wa mume wangu. Ndiye aliyekuwa mkunga wa kijiji. Nusu ya watu wetu walizaliwa mikononi mwake, na kila mzazi aliyeona haya mbele yake aliambiwa neno moja: "Mficha uchi hazai. Sukuma!"

Basi tukaambiwa mpimaji atafika Jumatano. Nilifurahi, kwa kuwa matope yalikuwa tele. Mavyaa akaniangalia kana kwamba nimevua leso barabarani.

"Mgeni wa serikali aje akute kisima kikavu? Watu watasema mji huu hauna wanawake?"

Alfajiri tukatoka wanawake kumi na wawili, tukateka maji mtoni, tukayamimina kisimani. Safari tatu. Shingo ilinikaza hadi Ijumaa.

Taabu ni kwamba mchanga uliyanywa maji yale upesi. Kwa desturi yetu mgeni huketishwa, huulizwa hali ya wazazi wake, hunywa kahawa, ndipo huulizwa shida yake. Siku hiyo mavyaa alimkata salamu katikati.

"Shikamoo, mama. Habari za—"

"Marahaba, mwanangu, njema, pima! Kahawa baadaye."

Mpimaji, kijana wa bara mwenye kaptura iliyopigwa pasi, akateremsha kamba yake yenye alama, akasoma, akasoma tena, akaandika kwenye daftari kubwa. Akawa anakuja kila mwezi. Kiangazi kilivyozidi ndivyo kisima chetu kilivyojaa, kwa sababu mavyaa alizidi kuona aibu. Wakubwa wa mpimaji wakashangaa. Wakaja wataalamu wawili na masanduku ya vyombo, wakapiga hema siku nne, na ushuru ukapandishwa ili kugharimia uchunguzi wa kisima cha ajabu. Tulilipa ili wapime, kisha tukabeba maji ili wapate cha kupima. Nilikasirika hadi nikacheka.

Pampu ikaenda kijiji cha pili, ambako wanawake walimwonyesha mpimaji matope yao bila hata kufagia njia.

"Hawana haya wale," akasema mavyaa.

Wana maji, nikamjibu moyoni.

Mwaka uliofuata ikatangazwa pampu nyingine. Kazi ya kuwaamsha wanawake alfajiri ilikuwa yangu, na sikumwamsha mtu. Mpimaji akaja, kamba ikashuka, ikarudi na tope. Mavyaa akajifunika uso kwa leso. Niliogopa kweli, neno lake moja kwa mwanawe lingetosha kunirudisha kwetu.

"Umenivua nguo, mwanangu."

"Mama," nikasema, "mficha uchi hazai."

Nikamgeukia mpimaji, nikamweleza yote, ndoo kwa ndoo. Jasho likamtoka.

"Haya siwezi kuyaandika. Wataalamu wale, hema, vyombo, fedha zote zile za wananchi! Nitawaambia nini wakubwa?" Akataka kufunga daftari.

Hapo mavyaa akaufunua uso. Akamsogelea, akamshika bega kwa mkono uleule uliozalisha kijiji kizima.

"Hata wewe waona haya? Andika, mwanangu. Sukuma!"

Akaandika. Pampu ilifika kabla ya mvua za vuli. Siku mpimaji alipokuja kuikagua, mavyaa alimketisha mkekani, akamuuliza hali ya baba yake, ya mama yake, na ya ng'ombe wao, na kahawa ikatangulia.